Namna ya Kushika Kisiwa Ukiwa Mtumishi Wake

Kwanza, uzaliwe mbali nacho. Lloyd William Mathews alizaliwa Funchal, katika kisiwa cha Madeira, Machi 1850, baba yake akiwa kapteni mwenye asili ya Wales. Mwaka 1863, umri wake ukiwa miaka 13, aliingia katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza kama mwanafunzi wa uofisa. Akapelekwa Bahari ya Mediteranea, kisha akapigana vita vya Waingereza na Waashanti huko Afrika Magharibi mwaka 1873 na 1874, na Machi 1874 akapewa cheo cha luteni. Mpaka hapo hana alichowazidi maluteni wenzake. Anayetaka kufuata mwongozo huu basi asivunjike moyo kwa kukosa mali au ukoo mkubwa. Anachohitaji ni kupangiwa kazi kwenye bandari ya sultani mwenye shida.

Nauandikia mwongozo huu watu wa Unguja, Pemba na Mrima. Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Unguja mwaka 1896, dakika 38 tu, na somo likaishia hapo kana kwamba ni kichekesho cha kukumbukia mtihani. Mimi nasema vita vile vilichukua miaka 19 kutayarishwa, na sehemu kubwa ya matayarisho aliifanya mtu aliyekuwa mwajiriwa wa masultani wenyewe. Namna alivyofanya ndiyo inayotuhusu zaidi kuliko hesabu ya dakika.

Ukishazaliwa mbali, fika ukiwa na sababu njema. Tena iwe njema kweli. Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, huku Uingereza ikimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini kimbunga cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama. Bei ikapanda, Pemba ikataka mikono ya kuchuma, na majahazi yakaendelea kuvusha watu usiku kutoka Pangani. Ndipo Waingereza wakaleta HMS London, manowari kuukuu iliyotia nanga mbele ya mji kuanzia 1874, ikawa karakana, ghala na hospitali ya mashua ndogo zilizokwenda kuvizia kwenye hori na visiwa vidogo vya Pemba. Mathews alipelekwa kwenye London Agosti 1875. Akakamata majahazi kadhaa ya watumwa, na wakubwa wake mjini London wakamsifu.

Sitaki kumpunguzia sifa hiyo hata chembe. Kila mtu aliyetolewa kwenye tumbo la jahazi lile alikuwa mtu, na aliokoka. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba wema wa sababu ndio uliofungua mlango. Ofisa aliyekuja kuteka nchi angepokelewa kwa bunduki. Huyu alipokelewa kwa kahawa.

Sasa mtafute sultani mwenye shida, wala usimwombe kazi: ngoja akuombe yeye. Barghash alikuwa na shida za kutosha. Mwaka 1859 aliwahi kumwasi ndugu yake Sayyid Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay, kwa hiyo alijua vizuri jinsi kiti kinavyoweza kunyang'anywa na watu wa nyumba moja. Askari aliowarithi walikuwa Waarabu, Wabaluchi na Waajemi, kila kundi likimsikiliza mkubwa wake kabla ya kumsikiliza Sultani. Mwaka 1875 Khedive wa Misri alituma meli zikatwaa Kismayu na Barawa kwenye pwani ya Benadiri, na aliyeziongoza alikuwa McKillop, naye mwanamaji wa Uingereza aliyeajiriwa na mtawala wa kigeni. Uingereza ndiyo iliyomshinikiza Khedive akaondoka. Barghash akaelewa kwamba hana jeshi, na kwamba majirani zake wameshaanza kukodi Wazungu.

Akataka jeshi jipya la Waafrika watupu, lisilofungamana na koo za Kiarabu. Kwa sababu hiyo hiyo kamanda wake naye hakuweza kuwa Mwarabu, asije akalitumia siku ya kugombea urithi. Daktari John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa na sauti kubwa kwenye baraza la Sultani, alikuwa na jibu tayari: pale bandarini kuna luteni mmoja anayependa kufundisha gwaride. Agosti 1877 Mathews akaazimwa. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 za Snider kama zawadi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa mwongozo huu anapaswa kukaa muda mrefu, kwa maana ndipo kisiwa kinaposhikwa. Mathews alianza na watu wapatao 300. Kufikia 1880 Sultani alikuwa na askari wa kawaida wapatao 1,300, wenye sare na bunduki za aina moja, wanaogeuka kulia na kushoto kwa sauti moja. Bendera yao ilikuwa nyekundu, bendera ya Sultani. Lakini bunduki zilikuwa za Malkia, na mtu waliyemtazama usoni kila asubuhi ili kujua la kufanya alikuwa Mathews. Askari hajifunzi kutii hati iliyoandikwa ikulu. Hujifunza kutii sauti aliyoizoea uwanjani, na akishaizoea, mwenye sauti ana kitu ambacho mwenye bendera hana.

Vitabu vingi humtaja jenerali na kuwaacha hawa askari, nami naona hilo ni kosa kubwa katika historia yetu. Bila wao Mathews angebaki luteni wa mashua. Wao ndio waliotembea kwenda bara, wao ndio waliolinda boma na mipaka, na ndio watakaosimama barabarani asubuhi ile ya 1896.

Cheo kitakuja chenyewe. Juni 1881 Mathews alistaafu jeshi la Malkia na kufanywa Brigedia Jenerali wa Zanzibar. Ukiwa unastaafu uluteni, kumbuka kuondoka na marafiki zako wote wa ubalozini. Kabla mwaka haujaisha alipata nafasi ya kuonyesha thamani yake. Tarehe 3 Desemba 1881, kapteni wa HMS London, Charles Brownrigg, alilisogelea jahazi moja karibu na Pemba lililokuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa. Majahazi yenye bendera ile hayakuruhusiwa kupekuliwa na Waingereza, na wafanyabiashara wa watumwa waliijua vizuri kinga hiyo. Brownrigg alikwenda kutazama hati tu. Nahodha Hindi bin Hattam na watu wake wakamshambulia, wakamuua pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Mathews akavuka na askari wake mpaka Wete, wakapigana kwa muda mfupi, wakamkamata Hindi akiwa na jeraha lililomuua baadaye. Uingereza ikaona kwamba jeshi la Sultani linaweza kumaliza kazi ya Uingereza. Sultani akaona kwamba kamanda wake anaheshimika. Wote wawili walikuwa sahihi.

Somo linalofuata ni zito: lazima ujue, pindi mabwana zako wawili watakapokosana, ni yupi utakayebaki naye. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba kutoka kwa machifu. Februari 1885 Kaiser akazitangaza nchi hizo kuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Barghash akamtuma Mathews Kilimanjaro na askari wake, na Mathews akaifanya kazi aliyotumwa: machifu wa Uchagga na Taita, akiwemo Mandara wa Moshi, wakakubali bendera ya Sultani. Kwa mara moja jeshi lile lilikuwa likitumika kwa shabaha ya mwenye nalo. Haikusaidia kitu. Agosti 1885 manowari za Ujerumani ziliingia bandari ya Unguja, mizinga imeelekezwa ikulu, na Uingereza, rafiki wa Barghash kwa miaka kumi na tano, ikamshauri akubali. Mwaka 1886 London na Berlin zikakaa na ramani, zikamwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa maili kumi kwenye pwani, na bara lote wakagawana wao kwa wao.

Naomba msomaji asipite hapa haraka. Barghash alifanya kila alichoshauriwa. Alifunga soko, akaunda jeshi la kisasa, akamweka Mwingereza alisimamie, akapeleka bendera pale alipoambiwa kwamba bendera ndiyo hoja. Siku ya hoja, jeshi lake halikuwa na ruhusa ya kufyatua risasi hata moja, kwa sababu waliolipa silaha walikuwa na makubaliano mengine Ulaya. Alifariki Machi 1888. Mathews alibaki na cheo chake, nyumba yake na jeshi lake.

Kuna mahali mwongozo huu hukwama, nao ni mji ambao watu wake hawakukuajiri. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Wajerumani, aliidhalilisha bendera ya Sultani Pangani, na mji ukaasi. Sayyid Khalifa, aliyemrithi Barghash, akamtuma Mathews na askari kwenda kutuliza mambo. Kwa hesabu za Unguja alikuwa mtu wa kufaa: jenerali wa Sultani, anayeijua pwani. Watu wa Pangani walikuwa na hesabu yao. Walimkumbuka yeye aliyekuwa akiyakamata majahazi yao, na walishaacha kuamini kwamba ujumbe unaotoka ikulu ni wa ikulu. Wakamkataa, maisha yake yakawa hatarini, akarudi Unguja. Pwani ikainuka chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri bin Juma, na Wajerumani wakalazimika kuleta jeshi la serikali yao. Katika maisha yote ya Mathews sioni siku nyingine ambapo watu wa kawaida waliusoma mpango kwa usahihi kiasi kile.

Baada ya bunduki, shika forodha. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza katika makubaliano yale yale yaliyowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Mwaka uliofuata Mathews aliteuliwa kuwa balozi mkuu wa Uingereza kwa Afrika Mashariki, akakataa kwenda. Kukataa huko kunaonyesha jinsi alivyokuwa ameelewa mahali nguvu zilipo. Balozi huja na kuondoka. Oktoba 1891 Gerald Portal, mwakilishi mpya wa Malkia, aliitenganisha hazina ya serikali na mfuko wa Sultani, akampa Sultani wa wakati huo, Sayyid Ali bin Said, posho ya mwaka, akaweka Wazungu kwenye idara, na juu ya idara zote akamweka Mathews kama Waziri wa Kwanza. Hazina, forodha, bandari, polisi, jeshi, kazi za umma: vyote vikaishia mezani kwake. Sayyid Ali hakufurahi, wala kutofurahi kwake hakukubadili lolote, kwa maana utaratibu ulisema Sultani hawezi kumwondoa Waziri huyu. Ukifika hapa, mwanafunzi, umeajiriwa na mtu asiyeweza kukufukuza.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye karafuu. Serikali ilichukua kodi ya karafuu kwa karafuu zenyewe, fungu moja katika kila manne yaliyofika forodhani. Mkulima wa Mkoani au Chake Chake huenda asimwone Mathews maisha yake yote, lakini robo ya mavuno yake ilipita mikononi mwa watu wa Mathews kabla hajauza. Aliyewahi kusimamia mizani anamiliki nchi kwa namna ambayo aliyekaa kwenye kiti cha enzi haimiliki. Sultani, ambaye jana yake alikuwa akichota hazina kwa amri yake, sasa aliomba.

Kama una nafasi, jenga jela. Mwaka 1893 Mathews alinunua kisiwa cha Changuu, kilicho mkabala na mji, akajenga humo gereza kwa ajili ya wahalifu. Halikupata kufungwa mtu, likafanywa karantini ya abiria waliotoka kwenye bandari zenye magonjwa. Watalii wanaovuka leo kwenda kuwatazama makobe huliita eneo lote Kisiwa cha Gereza.

Mwaka huo huo wa 1893 Sayyid Ali alifariki, na Khalid, mwana wa Barghash, akataka kiti. Aliposikia onyo la Waingereza akarudi nyuma, na kiti kikapewa Sayyid Hamad bin Thuwain. Hamad naye akaanza kujiwekea walinzi wake binafsi, wanaomtii yeye, na hapo naona alikuwa ameelewa tatizo lilipo. Tarehe 25 Agosti 1896 akafariki ghafla. Kabla hata hajazikwa, Khalid aliingia ikulu ya Beit al-Hukm, na mara hii hakutoka. Wakajiunga naye watu wapatao 2,800: walinzi wa marehemu, watumishi, watumwa wa nyumba kubwa, na raia wa mji. Basil Cave, kaimu wa ubalozi, na Mathews walimwonya. Ujumbe ukapelekwa London, jibu likarudi kwa waya, na Admirali Harry Rawson akatoa muda wa mwisho: saa 3 asubuhi ya tarehe 27.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ya Thrush, Racoon na Sparrow ilianza kupiga, na baadaye St George ikaizamisha Glasgow, meli ambayo Barghash aliiagiza kwa fahari yake mwenyewe. Beit al-Hukm, lililokuwa na mbao nyingi, likawaka moto. Kufikia saa 3 na dakika 40 hivi bendera ilikuwa imeshuka. Watu wapatao 500 wa upande wa ikulu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa.

Watu wengi husimulia mizinga. Mimi nawatazama wale askari 900 waliopangwa mjini chini ya Brigedia Jenerali Arthur Raikes, upande wa Mathews na Cave. Ni jeshi lile lile aliloliomba Barghash mwaka 1877 ili kuilinda nyumba yake. Sasa mwana wa Barghash yuko ndani ya ikulu ya baba yake, na jeshi la baba yake limesimama nje likiwatii Wazungu. Hawakuasi wala hawakusita, kwa kuwa kwa miaka 19 walifundishwa kutii sauti moja. Wakati Wajerumani walipoichukua bara, jeshi hili halikuruhusiwa kupigana. Waliloruhusiwa ni hili. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na mwezi Oktoba akatolewa kwa mashua maji yakiwa yamejaa mpaka ukingoni mwa bustani, asikanyage ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Alasiri ya siku ya vita Sayyid Hamoud bin Mohammed alikuwa ameshakalia kiti, naye alijua vema nani amemkalisha.

Aprili 1897 Hamoud alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria, na Malkia Victoria akamtunuku nishani. Sababu njema ya mwaka 1875 ilikuwa imefika mwisho wake, na hapo Mathews anastahili kutajwa. Lakini tuisome amri yenyewe. Mtumwa hakuwekwa huru siku ile: alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kudai uhuru, na aonyeshe pa kukaa na namna ya kujipatia riziki. Bwana wake alilipwa fidia. Aliyetumika hakulipwa. Masuria waliachwa nje ya amri, wakahesabiwa kama wake, mpaka sheria ya 1909. Wengi walibaki kwenye mashamba yale yale ya karafuu, wakilima kipande cha ardhi kwa ridhaa ya mwenye shamba. Arthur Hardinge, balozi mkuu wa wakati huo, alihofia wazi kwamba kufuta utumwa kwa haraka kutavunja uchumi, na uchumi maana yake ilikuwa ile robo iliyopita forodhani. Miaka 22 ya kukamata majahazi, halafu uhuru wenyewe ukapimwa kwa mizani ya karafuu. Hilo linanikera kuliko mizinga.

Mwisho, fia kazini. Mathews alikufa kwa malaria mjini Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, akiwa na miaka 51, bado ni Waziri wa Kwanza, akiwa amewatumikia masultani sita: Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud, na, kama unamhesabu, Khalid wa siku mbili, ambaye alimtumikia kwa kumpiga. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi kwenye makaburi ya Waingereza nje ya mji, na askari aliowafundisha yeye.

Usihangaike kutafuta mrithi, kwa kuwa ukishachonga kiti hivi hakihitaji mtu wa pekee. Alikikalia Alexander Rogers. Hamoud alipofariki Julai 1902, mwanawe Ali alikuwa bado mdogo, Rogers akawa mlezi wa kiti cha enzi mpaka 1905, na kwa muda huo mtumishi wa Sultani ndiye aliyetawala kwa jina la Sultani, bila haja ya manowari. Mwaka 1913 Waingereza waliihamishia Zanzibar kwenye wizara yao ya makoloni, wakaweka Mwakilishi Mkazi, na cheo cha Waziri wa Kwanza kikafutwa.